Mpira wa Gesi Hautiwi Kiraka

Mtaa mzima ulimwita Kiraka, naye aliitika.

Alikuwa fundi baiskeli. Karakana yake ilikuwa kibaraza cha nyumba yake mwenyewe. Hapo palikuwa na beseni la maji, pampu, kopo la spana, na tyubu kuukuu zilizoning'inia ukutani kama mikia. Kiraka hakutupa kitu. Viatu vya watoto alivitia kiraka. Ndoo iliyopasuka aliitia kiraka. Kiti alichokalia kilikuwa na viraka vingi kuliko kiti chenyewe. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu kwa methali moja: "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Kisha aliongeza yake: "Na mtu wa mtaa huu hajawahi kujengewa ukuta na yeyote."

Mkewe alichoma kuku na nyama mbele ya nyumba hiyo hiyo, kando ya barabara. Alichomea mkaa. Alianza kumeza moshi tangu usichana wake, akimsaidia mama yake. Alikuwa mcheshi. Wateja wengine walifuata kuku, wengine walifuata maneno yake. Lakini kicheko chake kilikuwa hakifiki mwisho. Kilianza vizuri, kikapanda, halafu kikohozi kikakikata katikati. Watoto walishazoea. Kiraka hakuzoea. Kila kicheko kilipokatika, nyundo yake ilisimama hewani mpaka kikohozi kiishe.

Daktari wa zahanati hakuzungusha maneno. Alimwambia mke wa Kiraka kwamba kifua chake kimechoka na moshi. Aache mkaa, au aache kuchoma kabisa.

Wakiwa njiani kurudi mke alimwambia mumewe, "Ameniambia nimwache moshi kama vile moshi ni mume mlevi. Nikimwacha, watoto watakula nini?"

Tangu siku hiyo Kiraka alianza kutafuta jibu.

Alitafuta mpaka akapata jiko la gesi la kuchomea, lililokwisha kutumika. Lilikuwa la chuma, lenye mfuniko mkubwa, miguu minne, magurudumu mawili, na nafasi ya mtungi chini yake. Hoteli moja upande wa pili wa mji ilikuwa inanunua jipya, ikauza hilo la zamani. Muuzaji aliliwasha mbele ya Kiraka. Likawaka vizuri. Akalizima, akapokea chake, akaingia ndani. Hakusema mtungi unafunguliwaje. Hakusema jiko linabebwaje. Ndivyo tunavyouziwa vitu watu wa chini, tangu zamani. Kitu tunapewa, maarifa yake yanabaki dukani.

Mbebaji alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Huyu alikuwa na pikipiki ya magurudumu matatu, yenye bodi ya mizigo nyuma. Alijisifu kwamba ameshabeba makabati, mbuzi na wachumba, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mbuzi.

"Shemeji, mtungi tuutoe kwanza?" Kiraka aliuliza.

"Kwani mama akipanda gari anamtoa mtoto mgongoni? Wacha humo humo."

Basi wakalilaza jiko chali juu ya magunia, mtungi ukiwa umefungwa tumboni mwake. Wakapitisha kamba juu ya kila kitu. Kamba ile ilipita juu ya mpira wa gesi, ule unaotoa gesi kwenye mtungi na kuipeleka kwenye jiko. Hakuna aliyeuona. Waliona chuma, na chuma hakiumii.

Wakafika kwenye shimo. Shimo hilo lilikuwa na umri mkubwa kuliko shemeji. Kila kiongozi mpya huja kulitazama, huahidi kulifukia, hupigwa picha, huenda zake. Shimo hubaki na picha zake. Pikipiki ikaingia gurudumu moja, magunia yakateleza, jiko likageuka na kugonga ukingo wa bodi. Kamba ikakaza, ikabana.

Walipofika nyumbani mkewe alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga khanga safi kama anayempokea mgeni. Alilizunguka jiko polepole. Mfuniko ulikuwa umebonyea. Mguu mmoja umepinda. Gurudumu limechomoka. Na mpira wa gesi ulikuwa umechanika, ufa mdogo kama ukucha wa mtoto.

Hakulia. Alisema tu, "Kesho nitawasha mkaa." Akaingia ndani, na humo ndani wakamsikia akikohoa.

Shemeji alitazama chini. Kiraka alikunja mikono ya shati.

Alianza na lile alilolijua. Alisugua mpira kwa msasa mahali penye ufa. Akapaka solusheni, ile gundi ya kuzibia tyubu. Akakata kipande cha tyubu, akakibandika, akakikandamiza kwa kidole gumba. Juu yake akazungushia utepe wa mpira, raundi baada ya raundi, akafunga fundo. Alirudi nyuma akaitazama kazi yake. Kilikuwa kiraka kizuri. Katika maisha yake alikuwa ametengeneza vichache kama hicho.

"Hata waliolitengeneza wakikiona watauliza ni nani fundi," shemeji alisema. Alikuwa anatafuta njia ya kusamehewa.

Mkewe alitoka, akainama, akanusa. "Mbona pananuka?"

Kiraka alikuwa ameshafungua mtungi kidogo. Alimwambia harufu hiyo ni ya zamani, imebaki tu, itaondoka. Kisha akamwomba kiberiti. Alitaka kukipitisha taratibu kando ya mpira mzima. Kama kuna tundu, alisema, patashika moto kidogo, naye atapaona. Alikuwa amewaona watu wengi wakipima hivyo. Hakuwahi kuambiwa vingine.

Mkewe alikishika kiberiti asikitoe.

"Baba watoto, mimi ndiye nitakayesimama mbele ya jiko hili kutwa nzima. Sitasimama mbele ya kiraka chako. Nakupenda, lakini sitasimama."

Kiraka alinyoosha mkono. "Nipe. Nitasimama mimi."

Hapo ndipo sauti ikatoka barabarani, ya chini, isiyo na haraka.

"Kiberiti hicho kirudishe ndani, mwanangu. Na watoto watoke hapo kibarazani."

Alikuwa Bibi Mitungi. Aliuza gesi mtaa wa nyuma, na mitungi aliipeleka kwa wateja kwa baiskeli. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kujaza gesi. Siku hiyo alikuja kuchukua baiskeli yake, ambayo Kiraka alikuwa ameiziba tairi asubuhi. Harufu aliipata tangu kona.

Hakungoja ruhusa. Alipanda kibarazani, akainama, akaufunga mtungi kwa kuzungusha koki mpaka mwisho. Akamwambia mke afungue milango na madirisha yote, na mtu asiguse swichi ya taa wala simu. Wakasogea wote mpaka barabarani wakasubiri. Kiraka aliuliza wanasubiri nini, maana upepo upo.

"Gesi hii ni nzito kuliko hewa," alisema Bibi Mitungi. "Haipandi kama moshi. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajificha kwenye pembe na chini ya kitanda. Wewe unadhani imeondoka, kumbe imelala. Ukiwasha kiberiti unaiamsha."

Harufu ilipokwisha kabisa walirudi. Bibi akaketi kwenye kile kiti cha viraka. Akaitazama baiskeli yake, kisha akamtazama fundi.

"Tyubu yangu ulilitafutaje tundu?"

"Kama kawaida. Niliijaza upepo, nikaitia kwenye beseni la maji, nikatazama mapovu yanapotokea."

"Hukuwasha kiberiti?"

Shemeji alicheka. Kiraka naye akataka kucheka, lakini kicheko kikamkwama. Alilitazama beseni lake la maji. Lilikuwa pale pale, hatua chache kutoka kwenye mtungi. Alikuwa analitumia kila siku ya maisha yake.

"Unaona," alisema Bibi. "Dawa unayo kwenye beseni, unaomba moto ndani. Niletee sabuni."

Mke alileta sabuni na kitambaa. Bibi aliikoroga na maji kwenye bakuli mpaka yakatoa povu. Akafungua mtungi kidogo sana, akaupaka mpira povu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mpira mzima ulitulia. Kile kiraka kikaanza kuchemka. Mapovu madogo yalitoka pembeni mwa utepe, yakawa makubwa, yakapasuka, yakaja mengine. Bibi akafunga mtungi.

Kiraka alisema kwamba ataongeza kingine juu, kinene zaidi. Alisema solusheni yake haijawahi kumwangusha.

"Itakuangusha, kwa sababu gesi inaila. Inailainisha polepole. Leo kitavuja kidogo, keshokutwa kitabanduka, na mkeo atakuwa amesimama hapo na moto mkononi." Akaonyesha baiskeli yake. "Tyubu ikitoboka unashuka, unasukuma baiskeli. Mpira wa gesi ukitoboka unashuka wapi?"

Hasira ilimpanda Kiraka, na haikuwa hasira ya siku moja. Alisema ni rahisi kwa mwenye duka kusema nunua kipya. Watu wa mtaa huu wanaletewa vilivyochoka kwa wengine: nguo zilizochoka, magari yaliyochoka, majiko yaliyochoka. Wasipotia viraka watatembea uchi. Na huyu mke wake, je, arudi kwenye mkaa amalize kifua chake?

Bibi Mitungi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunja mkono wa gauni. Kutoka kwenye kifundo mpaka kwenye kiwiko ngozi yake ilikuwa imekunjamana, nyeupe na nyekundu. Aliwasimulia habari za mwenzake waliyefanya naye kazi kiwandani. Siku moja mpira ulivuja. Wakubwa walikuwa wameambiwa mara nyingi kwamba umechakaa, wakaamuru ufungwe utepe kazi iendelee. Mwenzake hakurudi nyumbani siku hiyo. Yeye Bibi aliungua mkono tu. Wakubwa walikuja na neno moja: uzembe. Waliandika hivyo wakaondoka. Waliokataa kununua mpira hawakuandikwa popote.

"Hasira yako ni ya haki," alisema. "Mimi pia ninayo, sijaiacha. Lakini usiifunge kwenye mpira. Maskini akiungua, huitwa mzembe. Usiwape neno hilo bure."

Kisha mke akauliza lile lililokuwa likimkaa rohoni tangu jiko liliposhushwa. "Bibi, niambie kweli. Jiko hili limekufa?"

"Nani kasema limekufa? Limevunjika mguu." Bibi akamgeukia Kiraka. "Sikia, fundi, uliweke kichwani. Kinachobeba uzito, nyoosha. Kinachobeba gesi, badilisha. Mguu, gurudumu, mfuniko, kishikio, hayo ni yako, na hakuna atakayekushinda. Mpira ni mpya. Na kichwa hiki kinachofungwa juu ya mtungi nacho ni kipya, kwa sababu kimegongwa. Kikigongwa hakikuambii kimeumia."

Vitu hivyo viwili alikuwa navyo dukani. Kwa malipo alitaka kazi. Baiskeli yake ilikuwa inabeba mtungi kwa kulazwa na kufungwa kwa kamba, naye hakupenda. Alitaka kibebeo cha chuma ambacho mtungi utasimama wima bila kucheza. Kiraka aliitazama baiskeli, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukakunjuka. Akaanza kupima kwa mikono.

Kesho yake walilifungua jiko. Kiraka aliunyoosha mguu kama anavyonyoosha fremu ya baiskeli: akaubana, akaugonga kidogo kidogo, akaupima kwa jicho, akaugonga tena. Gurudumu lilipata ekseli mpya kutoka kwenye baiskeli ya mtoto. Mfuniko aliusukuma kutoka ndani mpaka ukafunga vizuri, ingawa kovu lilibaki. Mke alisugua wavu kwa maji ya moto na sabuni mpaka kutu na mafuta ya hoteli vikatoka.

Bibi naye aliwaonyesha kitu ambacho hawakukijua. Chini ya wavu kulikuwa na mirija mirefu ya chuma yenye matundu, pale moto unapotokea. Kila mrija huingia kwenye ncha ndogo ambako gesi hutoka. Walipolilaza jiko barabarani, mirija miwili ilichomoka ikakaa kando.

"Mngewasha hivi," alisema, "gesi isingeingia kwenye mrija. Ingetokea huku nyuma ya swichi za kuwashia. Moto ungekuja kwenye mikono yako, mama."

Bibi akachomoa mrija mmoja, akauinua kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na utando wa buibui. Alieleza kwamba buibui hupenda mirija hiyo. Utando mdogo tu huziba njia, na moto hugeuka na kurudi ulikotoka. Kwa hiyo jiko likikaa muda bila kutumika, mirija isafishwe kwa brashi nyembamba kwanza. Kiraka alikuwa na brashi ya kusafishia mnyororo. Ilitosha.

Mpira mpya ulifungwa kwa klipu za chuma kila upande. Bibi alimwonyesha mke maandishi yaliyopigwa juu yake, kwamba ni wa gesi, na mwaka wa kuubadilisha. Akaonya wasidanganywe kununua mpira wa maji wa bustani, hata ukifanana. Jiko likasimamishwa nje, kwenye hewa, mbali na pazia na ukuta wa mbao. Kamwe lisiingizwe ndani, hata mvua ikinyesha.

"Sasa, fundi, lipime."

Kiraka alikoroga povu mwenyewe. Akafungua mtungi, swichi za jiko zikiwa zimefungwa. Akapaka kila kiungo na kuangalia kama anavyoangalia tyubu kwenye beseni, jicho karibu, pumzi imeshikwa. Kwenye kiungo cha kwanza yakaja mapovu. Alifunga mtungi, akakaza klipu kwa spana, akapaka tena. Povu likalala. Kwingine kote likalala.

Bibi akamwita mke. Kwanza afungue mfuniko, kila siku, kabla ya kufungua gesi, ili gesi isijikusanye ndani. Halafu moto uwe tayari. Halafu afungue mtungi, kisha swichi moja. Isipowaka mara moja, afunge, asubiri harufu iishe, ndipo arudie. Akimaliza kazi afunge mtungi, si swichi peke yake.

Mke alifuata. Moto ulipita kwenye matundu ya mrija kwa mstari mmoja, wa buluu, mfupi, usio na moshi.

Aliutazama kama mtu anayetazama mlango uliofunguliwa. "Ndio huu tu?" alisema. "Na mimi miaka yote hii namlisha yule mweusi."

Kabla ya kuondoka Bibi alimwambia Kiraka aukate vipande ule mpira wa zamani. Kiraka alisita. Mkono wake haukuzoea kukata kitu ambacho bado kina urefu.

"Ukiutupa mzima, mtu atauokota, ataufuta vumbi, atauuza," alisema Bibi. "Na unajua atamuuzia nani."

Kiraka alijua. Akaukata. Kipande kimoja, kile chenye kiraka chake kizuri, alikipigilia ukutani juu ya beseni. Hata leo mtu akimletea mpira wa gesi auzibe, hamfukuzi wala hamcheki. Humwelekeza kwenye kipande kile, humkorogea povu kwenye bakuli, humfundisha kupima, kisha humtuma mtaa wa nyuma. Watu wengi wamepita hapo. Kutoka ofisi yoyote hajaja mtu kufundisha. Wamefundishana wenyewe.

Shemeji naye alibadilika, ingawa hakukiri. Siku hizi akibeba jiko humtoa mtoto mgongoni kwanza. Mtungi hufungwa koki na kusimamishwa wima ndani ya tairi kuukuu, na tairi hufungwa kwenye bodi. Wavu na mirija hutolewa na kuviringishwa kwenye gunia. Jiko husimama kwa miguu yake, na kamba hupita kwenye miguu, si kwenye mpira. Lile shimo bado lipo. Hulipita taratibu, akilitukana.

Kifua cha mke hakikupona siku moja. Daktari alimwambia moshi wa miaka hautoki kwa wiki. Lakini usingizi ulirudi kwanza. Halafu akaweza kupanda kilima cha sokoni bila kusimama.

Jioni moja shemeji alikuja na mtungi uliojazwa. Aliushusha kwa mikono miwili, kwa adabu nyingi, akauweka chini bila kuugonga.

"Dada," alisema, "zamani kuku akiungua ulisema moshi umekufumba macho. Sasa utasingizia nini?"

"Nitasema nilikuwa nakutazama wewe unavyoshusha mtungi kama bibi harusi."

Wateja walicheka, naye akacheka. Kibarazani nyundo ya Kiraka ilisimama hewani, kwa mazoea. Kicheko kilianza, kikapanda. Kiraka alisubiri. Kikafika juu, kikageuka, kikashuka chenyewe polepole mpaka kikaisha, na baada yake hapakuja kitu, ila sauti ya nyama juu ya moto.

Kiraka akateremsha nyundo, akaendelea na kazi.